Mfilisi Amkabidhi Mfilisi

Sogeeni, na wa nyuma asisukume, maana hii ni ya kusikiliza umekaa.

Nina wana kumi na mmoja. Hawali, hawalali, hawaumwi hata tumbo, na kila Jumatatu asubuhi wanadai mshahara. Ni nini? Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeupokea, mji wenyewe mdogo lakini si kitu. Jawabu ni timu ya mpira iliyomo ndani ya simu.

Kulikuwa na nchi moja iliyopenda mpira kuliko inavyopenda kula. Jina lake nalijua, ila si kila ukijuacho hupita mdomoni. Viwanja vyote vya nchi ile viliuzwa ili zipatikane fedha za kujenga Wizara ya Michezo. Wizara ikajengwa, ghorofa kumi na nne, na lifti yenye kioo. Ilipokwisha watu wakauliza, je, michezo yenyewe tuchezee wapi? Waziri akajibu bila kupepesa kwamba michezo imo simuni. Tangu siku ile kibao cha mlangoni kikaongezwa maneno, ikawa Wizara ya Michezo ya Kukaa.

Basi kila raia akapewa timu yake katika Ligi ya Kiganjani. Unanunua wachezaji ambao hawapo, unawalipa sarafu ambazo hazipo, unauza tiketi za uwanja ambao haupo. Kilichokuwepo kweli ni shinikizo la damu tu.

Katika nchi ile alikuwepo Bi Mwatima, fundi cherehani. Duka lake lilitazamana na Wizara, na kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za shule na kupanua suruali za maofisa. Kupunguza, alikuwa hajawahi kuletewa hata moja. Timu yake ikiitwa Viraka, aliianzisha pamoja na mumewe, Bwana Mkadam, Mungu amrehemu. Wiki ile ya kwanza Bwana Mkadam alichagua mchezaji mmoja tu kwa mkono wake, golikipa, akampa jina la Shabani Mlango. Msimu wa tatu Bwana Mkadam akafariki. Shabani akabaki golini.

Sasa ndani ya mchezo ule watu huzeeka. Shabani alikuwa ametimiza miaka arobaini na mmoja. Ukimgusa kwa kidole, simu inaandika: "Thamani: hakuna." Lakini mshahara wake, kwa kuwa ni mkongwe, ulipanda kila mwaka kama mnazi.

"Shoga," Mama Semeni, muuza chai wa mlango wa pili, alimwambia siku moja, "huyo kipa wako si kipa, ni pazia."

"Hata pazia linazuia jua."

"Muuze!"

"Nani atamnunua? Na nikimuuza, asubuhi nitamsalimia nani?"

Mama Semeni akarudi kwenye birika lake, maana alijua kwamba kabla ya kufungua duka Bi Mwatima hugusa simu, humwona Shabani kasimama palepale alipowekwa na marehemu, naye humwambia, "Umeamkaje, baba?" Hakuwa amerukwa na akili. Wapo wanaosalimia picha ukutani na hakuna anayewauliza.

*

Kanuni ya zamani ilikuwa hivi: timu ikikaa wiki nne hazina yake iko chini ya sifuri, inafutwa. Wachezaji wote wanakuwa upepo. Kwa wanyonge kanuni hiyo ilikuwa kisu. Mtu anaumwa, anakaa hospitali mwezi mzima, anarudi anakuta timu aliyoilea miaka sita haina hata kaburi.

Wakubwa waligundua kuwa kisu kina mpini. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Limbukeni wa Limbukeni, alikuwa na timu iitwayo Fahari ya Taifa. Alikopa, akanunua nyota, akachukua kombe, kisha akaiacha timu ife na madeni yake. Wiki iliyofuata ikazaliwa Fahari Mpya ya Taifa. Ikakopa, ikachukua kombe, ikafa. Ikazaliwa Fahari Mpya Kabisa ya Taifa. Makombe yalijaa kabatini, wenye kudai wakakosa wa kumdai, kwa kuwa marehemu hadaiwi.

Watu wakanung'unika. Walinung'unika hadi lifti ya kioo ikatingishika. Wakataka sheria ya haki ya kufilisika, moja kwa mkubwa na mdogo.

Serikali ile ilikuwa sikivu sana. Papo hapo ikaunda Kamati ya Uadilifu wa Kufilisika, yenye wajumbe thelathini na mmoja, wakasafiri nchi saba kujifunza, mojawapo ikiwa nchi isiyo na simu. Walirudi na mikoba mipya na ripoti. Waziri akaipokea kwa hotuba ya saa mbili, na hapa naichukua ile sehemu iliyoeleweka:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo, hakuna mchezaji atakayekufa! Mchezaji ni rasilimali, na rasilimali haifi, inahamishwa! Timu ikishuka chini ya sifuri, hata kwa siku moja, wachezaji wake watachukuliwa na ofisa maalumu, watatunzwa katika Bohari ya Taifa, kisha watagawiwa bure kwa timu za kimkakati!"

Watu wakapiga makofi. Orodha ya timu za kimkakati ikabandikwa siku hiyohiyo. Ilikuwa na timu moja, na sina haja ya kuitaja, mmekwisha kuijua.

*

Sasa hapa ndipo penye shina la mambo, msisinzie.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana kama pacha. Anayefilisika huitwa mufilisi. Anayekuja kumfilisi, na faili lake kwapani, huitwa mfilisi. Kati yao kuna herufi moja tu, hiyo "u", imekaa katikati kama ukuta baina ya mwenye njaa na mwenye sahani. Kamati iliandika sheria vizuri, kila ukuta mahali pake.

Lakini wakati uleule Serikali ilikuwa katika Kampeni ya Kubana Wino. Waraka ulikuwa umetoka ukiagiza kwamba herufi yoyote isiyobeba mzigo iondolewe katika nyaraka zote. Mpiga chapa mkuu akapima herufi moja moja, akaona "u" inayokaa nyuma ya "m" haifanyi kazi, imekaa tu kivulini. Akazifuta zote. Muziki ukawa mziki. Musa wa masijala akawa Msa, akalia, akazoea. Muda ukawa mda, na kweli tangu hapo kila kitu nchini kilianza kuchelewa kidogo.

Na katika sheria mpya, mufilisi akawa mfilisi.

Hakuna aliyeona. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuisoma sheria ilipokuwa bado na herufi zake, na kusoma mara mbili hakukuwa na posho. Ikatiwa saini, ikapigwa mhuri, nao mhuri ukiwa umekatwa "u" yake.

*

Mwezi wa tatu ikaja siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa Limbukeni. Ili wananchi wampongeze kwa utulivu, mtandao ukazimwa siku nne. Hapakuwa na mechi, kwa hiyo hapakuwa na tiketi. Mishahara haikuzimwa. Mtandao uliporudi, nusu ya timu za nchi zilikuwa chini ya sifuri, na Viraka ikiwa mojawapo.

Siku ya tatu akafika mtu mwembamba mwenye faili.

"Hodi hapa."

"Karibu, bwana. Suruali au shati?"

"Wala si nguo, Bi mkubwa. Naitwa Gharib, natoka hapo ng'ambo, Wizarani. Nimekuletea barua."

"Enhe! Siku hizi barua zina miguu. Kaa basi. Mama Semeni, lete chai, tuna mgeni wa Serikali!"

"Asali kidogo kama ipo," Bwana Gharib akasema, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, jambo ambalo wakati mwingine ni baya zaidi.

Bi Mwatima alikuwa na elimu ya darasa la saba, la zamani, lile la kusoma kwa kidole na kwa sauti. Akavaa miwani, akaweka kidole. "'Kwa Bi Mwatima wa Viraka. Unaarifiwa kwamba umetangazwa rasmi kuwa mfilisi.' Nani, mimi?"

"Wewe."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Mfilisi. Mfilisi Mkuu wa Taifa."

"Ala! Kumbe tu ndugu." Akarudisha kidole. "'Mfilisi, akiisha kutangazwa kuwa mfilisi, atakabidhi wachezaji wake wote kwa mfilisi katika siku tatu.'" Akainua macho juu ya miwani. "Bwana Gharib, wewe ulitangazwa?"

"Nilitangazwa redioni. Kwa matarumbeta."

"Siku tatu zimepita?"

"Miezi miwili!"

"Basi umechelewa sana, mwanangu. Nikabidhi wachezaji wako."

Chai ilimpalia Bwana Gharib ikatokea puani. Mama Semeni akampiga mgongo kwa kibao cha kukunia nazi, akisema, "Pole, mfilisi, pole."

"Bi mkubwa, huo ni utani! Kila mtu anajua mfilisi ni nani!"

"Mimi nimesoma kilichoandikwa. Mwalimu wangu alinichapa miaka saba ili nisome kilichoandikwa. Sasa unataka nisome kisichoandikwa? Hiyo ni sekondari, sikufika."

Bwana Gharib akaichukua barua, akaisoma mbele, akaisoma kwa kurudi nyuma. Akatoa sheria yenyewe kutoka kwenye faili, akatafuta "u" kurasa arobaini na sita. Hakupata. Jasho likamtoka, akaomba chai nyingine, akasahau asali.

Bi Mwatima naye, msione alivyotania. Chini ya meza alikuwa akihesabu kwa vidole. Siku tatu, na Shabani anaingia Boharini na namba ya mali.

*

Kesi ikapelekwa ukumbini Wizarani. Jaji hakuwepo, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imebanwa pamoja na wino, hivyo Waziri akakaa mwenyewe. Upande mmoja Mfilisi Mkuu na faili. Upande wa pili Bi Mwatima na futi yake ya fundi shingoni, alisahau kuivua. Kati yao ubao mkubwa ulioonyesha Bohari ya Taifa: wachezaji elfu moja mia sita na arobaini, waliochukuliwa kwa watu wadogo wa nchi nzima na kuandikwa kwa jina la Mfilisi Mkuu.

"Mheshimiwa," Bwana Gharib akasema, "inatosha kuongeza herufi moja."

"Kuongeza!" Waziri akashtuka kama aliyetukanwa. "Bwana Gharib, Serikali hii ilibana herufi mbele ya kamera! Herufi iliyobanwa hairudi. Leo tukirudisha 'u', kesho watadai viwanja."

"Basi Mheshimiwa," Bi Mwatima akadakia, "niruhusu nitege. Kofia moja imevaliwa na vichwa viwili, kimoja kinacheka, kimoja kinalia."

Waziri alisahau alipo. Ukumbi nao ulisahau. Wote waliwahi kuwa watoto.

"Mkwe na mkwewe!" akasema.

"Sivyo."

"Mwezi na jua?"

"Wala. Nipe mji, Mheshimiwa."

"Haya, chukua Mtondoo," akasema Waziri kwa mazoea, na karani akaandika, kwa kuwa kila neno la Waziri huandikwa. Nasikia mpaka leo watu wa Mtondoo hawajui wapeleke wapi malalamiko yao ya maji.

"Jawabu ni neno 'mfilisi' katika sheria yako," Bi Mwatima akasema. "Anayecheka ni huyu. Anayelia ni mimi. Sasa wewe utuambie nani avue kofia."

Waziri akatazama saa. Harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kuingia kutoka jikoni. Akasimama, akavuta koti.

"Nimepima kwa kina. Wote wawili ni wafilisi kwa mujibu wa sheria, na sheria haina ubaguzi. Kwa hiyo, mfilisi amkabidhi mfilisi, na mfilisi naye amkabidhi mfilisi, ili haki itendeke pande zote na chakula kisipoe!"

Wakapiga makofi, kisha wakaanza kuulizana kimetokea nini. Kilichotokea ni hiki. Bohari nzima, watu elfu moja mia sita na arobaini, ikahamia simu ya Bi Mwatima. Na Viraka nzima, watu kumi na mmoja, ikahamia simu ya Bwana Gharib.

Mama Semeni akamrukia shingoni. "Shoga! Umetajirika! Una timu mia na zaidi!"

Bi Mwatima alikuwa akigusa simu, anapandisha, anashusha. Nyota walikuwa wamejaa humo kama dagaa, wana kasi, wana misuli, kila mmoja thamani yake imeandikwa kwa tarakimu ndefu.

"Shabani hayumo," akasema.

*

Asubuhi yake hakuwa na wa kumsalimia. Akafungua duka akakaa. Mbele ya duka watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari, wenye timu zilizofilisiwa, kila mmoja amekunja uso kwa aibu ya kuomba.

"Bi Mwatima," wa kwanza akasema, kinyozi wa soko la chini, "nilikuwa na mshambuliaji. Nilimpa jina la mama yangu. Anaitwa Mwanaidi, lakini ni mwanamume, unanielewa?"

"Nakuelewa. Huyu hapa. Mchukue."

"Kiasi gani?"

"Nimekutajia bei?"

Kinyozi akasimama, hajui aweke wapi mikono. "Bure? Basi wewe baki na wale wazuri wawili watatu. Hata sisi hatutasema."

"Sikiliza, mwanangu. Miaka thelathini na nne watu wananiletea hariri, wananiletea kanzu za harusi. Hujaniona hata siku moja nimevaa nguo ya mteja. Ikishonwa, inarudi kwa mwenyewe. Nani anafuata?"

Ikawa kazi ya siku tano. Sare za shule zikalala mezani, walimu wakaja juu, wakasikia habari, nao wakapanga mstari, maana wao ndio waliofilisika mapema kuliko wote. Ijumaa jioni simu yake ilikuwa tupu kabisa. Hata mchezaji wa akiba hakubaki.

Bohari ilipokauka, Fahari Mpya Kabisa ya Taifa ikaanza kukohoa. Kumbe kila wiki ilikuwa ikichota wachezaji wa bure, ikiwauza sokoni, ndipo inalipa nyota wake. Jumatatu ya mshahara ikafika, hazina ikaenda chini ya sifuri kwa kina ambacho mtambo wa Ligi haukuwa na tarakimu za kukiandika, ikaandika tu "Astaghfirullah". Barua ikajitoa yenyewe kwenye mashine: "Mheshimiwa Limbukeni wa Limbukeni, unaarifiwa kwamba umetangazwa rasmi kuwa mfilisi."

*

Mchana wa Jumanne Mheshimiwa akavuka barabara kwa miguu, peke yake, koti mkononi.

"Kifungo kimelegea," akasema.

Bi Mwatima akakivuta kifungo. Kilikuwa kimeshika kama kupe. Akachukua sindano hata hivyo, akatia uzi.

"Bi mkubwa," Waziri akasema, akitazama mitaa, "tuseme, mfano tu, ungekuwa wewe ndiye unayetunga sheria ya kufilisika. Ungeitungaje?"

"Mfano tu?"

"Mfano. Lakini ipatikane kabla ya Ijumaa."

"Mimi najua nguo tu," akasema na pini mdomoni. "Nguo ikimbana mtu, simkati mkono. Namwachia mshono. Basi timu ikizama ipewe msimu mzima wa kuibuka, isinunue mtu, ishuke daraja moja, ipumue."

"Inapendeza!" Waziri akatoa kalamu.

"Kombe lililochukuliwa kwa deni lirudi."

Kalamu ikasimama. "Hilo la kombe, Bi mkubwa, wananchi hawataliafiki."

"Basi endelea na ile ya kwako. Ijumaa si mbali."

"Naandika, naandika."

"Na ukimfilisi fundi, chukua vitambaa, chukua meza, ila sindano usiiguse. Mwenye timu abaki na mchezaji mmoja, yule anayemtaka mwenyewe, hata kama amekwisha kuchukuliwa. Na amtaje kwa kinywa chake, amesimama, asitajiwe na karani."

"Hilo jepesi," Waziri akasema, akaandika haraka kuliko yote.

Sheria ikapita siku ileile, mjadala dakika kumi na moja. Sijui kwa nini watu husema Serikali zile huenda polepole. Mkubwa akitumbukia shimoni, ngazi hupatikana upesi mno. Hata "u" ikarudi, kwa mkopo, kutoka Wizara ya Uvuvi iliyokuwa nazo mbili. Kule siku hizi imeandikwa Uvvi, na samaki hawajalalamika.

*

Ijumaa ukumbi ukafurika. Kila mufilisi, sasa anaandikwa hivyo, akiitwa asimame na kutaja.

Kabla hajaitwa, Bi Mwatima akaguswa bega. Alikuwa Bwana Gharib, macho mekundu.

"Bi mkubwa, mimi maisha yangu yote nilikuwa nachukua tu timu, sikuwahi kuwa nayo. Jumamosi mtambo ukaniambia nipange kikosi. Nikampanga yule mzee wako golini, kwa kuwa sikujua pa kumweka. Mechi nzima walimpiga mashuti kama mvua, na Mlango hakufungwa!"

"Hakufungwa?"

"Wazi kabisa, na hakufungwa! Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja na maji." Akashusha sauti. "Utamtaja yeye, sivyo?"

"Nitamtaja."

"Nilijua." Akaitoa simu yake, akaitazama. "Anapenda kusimama kushoto kidogo."

"Najua, mwanangu. Mume wangu ndiye aliyemweka pale."

Karani akaita, "Bi Mwatima wa Viraka!"

Akasimama, akaweka sawa mtandio. Alitaka kusema kwa sauti kubwa, ikatoka ndogo. "Shabani Mlango."

Simu ikatikisika kiganjani. Akaitazama, akaifunga mkononi, akakaa chini.

"Mheshimiwa Limbukeni wa Limbukeni, wa Fahari Mpya Kabisa ya Taifa!"

Waziri akainuka katikati ya makofi. Alikuwa na nyota ishirini na watano, makombe matatu, na picha yake akiyabusu yote. Akakohoa. Akatazama juu. "Namtaja," akasema, "yule... kijana wetu shupavu."

"Jina, Mheshimiwa," karani akasema.

"Yule mrefu."

"Mtambo unataka jina."

Akageuka kwa katibu wake. Katibu akafungua mdomo, ukumbi mzima ukasema "Aaa-aa!" kwa pamoja, kama watoto wanaomkamata mwizi wa goli. Katibu akaufunga. Waziri akatoa leso. Miaka yote ile alinunua, akauza, akazika na kufufua, na hakuwahi kumwita mtu jina.

"Basi andika," akasema mwishowe, akivimbisha kifua, "mimi mwenyewe."

Karani akaandika. Mtambo ukazunguka, ukazunguka, kisha ubao mkubwa ukawaka maandishi mbele ya ukumbi wote: "Mchezaji huyo hajawahi kucheza."

Wanasema vicheko vilisikika hadi Mtondoo. Fahari ikaanza upya daraja la chini bila mtu hata mmoja, na kabati la makombe likabaki na misumari yake.

Bi Mwatima akatoka nje taratibu, akavuka barabara, akaketi nyuma ya cherehani yake. Akafungua mkono. Simu ilikuwa na swali: "Viraka. Mchezaji: mmoja. Umri: arobaini na mmoja. Thamani: hakuna. Je, utaendelea?"

"Umeamkaje, baba," akasema, ijapokuwa ilikuwa saa tisa alasiri. Akagusa "Ndiyo".

Yangu yameishia hapo. Aliyeiona nchi yake humu ndani asiseme mimi ndiye niliyemwonyesha. Mimi nilikuwa nasimulia mpira.